Ombi Dogo Mno

Fomu inauliza: *Walengwa ni wangapi?*
Nimeandika sitini na wawili, nikafuta.
Sitini na wawili ni wale tuliokwisha kuwabeba,
nayo fomu inawataka ambao hawajaugua bado.

Sisi ni watu kumi na tisa wa Cimpunda.
Kazi yetu ni mabega.
Kwetu gari haliingii: njia ni ngazi za udongo,
na mvua ikipiga, hata ngazi zinaondoka,
lakini uchungu wa uzazi hausubiri pakauke.
Mtu anagonga bati saa nane za usiku,
Buhendwa anatoka na machela yetu
(ulikuwa mlango wa choo cha marehemu baba yake,
tumeufunga kamba kwenye pembe nne),
Nshobole anatangulia, tochi mdomoni,
maana mikono yote miwili ina kazi.
Tunashuka. Hatusemi kitu.
Anayesema ni mgonjwa, na mara nyingi anatutukana.

Mimi ni katibu. Walinichagua kwa mwandiko,
si kwa mgongo.

*Elezeni nadharia yenu ya mabadiliko,
herufi mia sita, pamoja na nafasi.*
Nikamwuliza Buhendwa nadharia yetu.
Alikuwa anakula sombe, hakuinua kichwa:
"Mgonjwa yuko juu, hospitali iko chini."
Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Thelathini na nane.
Zimebaki mia tano sitini na mbili
na sijui nizijaze nini.

*Ufadhili ukiisha, mtaendeleaje?*
Swali hili nililisoma mara tatu
kama mtu anayesomewa deni lisilo lake.
Ufadhili haujaanza, na jana usiku
tumemshusha Mama Cibalonza na pacha tumboni.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Juu ya bega hawakusema kitu.

Niliandika bei jinsi zilivyo sokoni:
tochi sita, machela mbili za turubai,
buti jozi kumi na tisa, dawa ya kuchua mgongo.
Jumla, dolari mia nane arobaini.
Nikachapisha kwenye sekretariati ya Nyawera,
kurasa kumi na moja, franka mia mbili kila moja;
umeme ukakatika kwenye ukurasa wa saba,
tukakaa gizani mimi na yule kijana wa mashine
tukisikiliza jenereta za wengine.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne.
Lilikuwa na adabu, hilo siwezi kukana.
*Kazi yenu imetugusa sana.
Kwa bahati mbaya, ombi lenu ni dogo mno:
kwetu msaada unaanzia dolari elfu hamsini.*

Nikawasomea wote, uani kwa Nshobole.
Kimya. Kisha Buhendwa: "Basi tuongeze gari."
"Gari litapita wapi?"
"Halipiti. Litakaa barabarani, lipigwe picha."
Tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaamka,
na mama yake akatutukana kama mgonjwa.

Kicheko kilipokwisha, hakuna aliyeondoka.
Mzee Mweze, fundi viatu, mchumi wetu,
akavua kofia, akaigeuza, akaiweka chini,
akatia franka elfu moja, akaitazama kofia
kama mtu aliyeuliza swali.
Tangu siku ile kofia inazunguka kila Jumapili.
Ni likelemba, ila hakuna anayeila.

Hadi sasa tumepata jozi moja ya buti.
Ni namba arobaini na tatu, za mpira, nyeusi.
Anazivaa abebaye mbele,
kwa sababu mbele ndiko kunakoteleza.
Na zamu nyingi mbele ni Nshobole,
mwenye mguu wa thelathini na nane.

Juzi alikuja kuniuliza kama nina karatasi
za kujaza kwenye ncha ya buti.
Nilikuwa nazo, kurasa kumi na moja.
Alizikunja vizuri, akajaribu hatua mbili,
akarudi kuomba tochi.

Anasema sasa hazimvuki.